AlphaFold Server mikononi mwa mwanafunzi wa Lubumbashi: tathmini kwa himoglobini, NuRD na CDK2

Mwanafunzi wa biolojia au wa famasia pale Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anayeandika memwari (tasnifu ya kumaliza masomo) juu ya protini zinazofanya kazi kwa makundi hukutana na ugumu uleule kila mwaka. Vitabu vinamchorea viduara vyenye majina: HDAC1 imeshikana na MTA1, MTA1 imeshikana na RBBP4. Zimeshikana wapi, kwa upande gani, kwa asidi amino zipi, viduara havisemi. AlphaFold Server, huduma ya mtandaoni iliyofunguliwa Mei 2024 na Google DeepMind pamoja na Isomorphic Labs, inajibu swali hilo bila malipo. Unaiandikia mfuatano wa asidi amino wa kila protini, unataja nakala ngapi, unatuma, kisha inakurudishia umbo la kompleksi nzima (kundi zima la molekuli zilizoshikana), atomu kwa atomu. Injini yake ni AlphaFold 3. Toleo lililotangulia ndilo lililowapa Demis Hassabis na John Jumper nusu ya Nobel ya kemia ya 2024. Nusu nyingine ilikwenda kwa David Baker.

Tunaipendekeza bila kusita, kwa swali moja tu: sehemu hizi zinagusana wapi? Kwa swali la pili, ambalo ndilo moyo wa udhibiti ndani ya seli, yaani zinagusana lini na kwa amri ya nani, huduma hii haina jibu, na picha yake nzuri inaweza kukufanya uamini kwamba inalo. Chukua HDAC1. Kazi yake ni kuondoa vikundi vya asetili kwenye histoni, na DNA iliyozungushwa kwenye histoni hizo hukazwa, jeni zikanyamaza. Lakini HDAC1 ile ile hufanya kazi ndani ya kompleksi ya NuRD, ndani ya Sin3 na ndani ya CoREST. Ni kama dereva wa lori la mpakani Kasumbalesa: leo kabeba shaba, wiki ijayo unga, na ukitaka kujua safari inakwenda wapi huulizi dereva, unauliza nani kamkodi. AlphaFold Server itakuonyesha dereva ameketi vizuri katika kila lori utakalomwekea. Haitakuambia leo yumo katika lipi.

Kuingia kunahitaji akaunti ya Google na si zaidi. Kurasa ni za Kiingereza, lakini vitu vya kujaza ni vichache: aina ya molekuli (protini, DNA, RNA, ligandi, yaani molekuli ndogo inayoshikwa na protini, au ayoni), idadi ya nakala, na mfuatano wenyewe. Mfuatano uchukue UniProt, hazina ya mtandaoni ya protini, kwa namba ya kitambulisho, usiunakili kutoka kwenye makala ya PDF, maana PDF huingiza nafasi na namba za mistari katikati ya herufi. Kila kazi, yaani kila ombi unalotuma, ina kikomo cha tokeni 5,000. Asidi amino moja ya kawaida ni tokeni moja, herufi moja ya DNA ni tokeni moja, lakini ligandi huhesabiwa kwa atomu zake bila haidrojeni. ATP ina 31, hemu (kipande chenye chuma ndani ya himoglobini) ina 43. Asidi amino iliyobadilishwa kikemia, kwa mfano serini yenye fosfeti, nayo huhesabiwa atomu kwa atomu. Hesabu hiyo ifanye kwenye karatasi kabla ya kuwasha kompyuta. Idadi ya kazi kwa siku ina kikomo pia, na ukurasa wenyewe unaonyesha zilizobaki.

Jambo linaloipa huduma hii thamani ya pekee kwa mji wenye delestaji (mgao wa umeme) ni kwamba hesabu haifanyiki kwenye kompyuta yako. Ukishatuma, umeme ukikatika kazi inaendelea kule kule, na utaikuta imekamilika utakapoingia tena hata kwa simu. Unaweza pia kuandaa kazi zako zote nyumbani bila intaneti, katika faili la JSON lililoandikwa kwa programu yoyote ya maandishi, kisha ukafika saiba na kulipakia kwa mara moja. Kila kazi ndani ya faili hilo ina jina, namba ya mbegu (inayoanzisha bahati nasibu ya hesabu), na orodha ya minyororo: mfuatano, idadi ya nakala, mabadiliko ya kikemia kama yapo. Ukisahau mkato mmoja kati ya kazi mbili faili lote linakataliwa, kwa hiyo andika kazi moja kwanza, ijaribu, ndipo uzirudufu.

Anza na himoglobini. Si kompleksi ya udhibiti kwa maana kali, lakini jibu lake linajulikana tangu zamani na inafundisha makosa mawili ambayo yatakurudia baadaye. Chukua mnyororo wa alfa, P69905, na wa beta, P68871, nakala mbili kila mmoja. UniProt itakupa herufi 142 na 147, kila herufi ikiwa asidi amino moja. Ndani ya damu ni 141 na 146, kwa sababu methionini ya mwanzo huondolewa. Ifute. Usipoifuta, namba zote zinasogea kwa moja: badiliko la selimundu (drepanositozi, ambayo mtaani tunaita SS) ni asidi ya glutamiki ya 6 kuwa valini, lakini katika mfuatano wa UniProt glutamiki hiyo ni herufi ya 7. Si wanafunzi wachache waliobadilisha proline ya 6 ya UniProt wakadhani wametengeneza HbS, himoglobini ya selimundu. Ongeza hemu nne. Jumla: 574 za minyororo na 172 za hemu, tokeni 746.

Sasa tuma kazi mbili, HbA (ya kawaida) na HbS. Picha zitakuwa karibu sawa, na mwanafunzi atasema chombo hakifanyi kazi. Kwa hapa kinasema kweli. Kundi la minyororo minne ya HbS peke yake linafanana sana na la HbA. Madhara hutokea pale makundi mengi yaliyopoteza oksijeni yanaposhikana kwa ile valini na kujipanga nyuzi ndefu zinazopinda chembe nyekundu. Lakini usilichukulie jibu hilo kuwa ushahidi. Modeli hii kwa kawaida haishtuki kwa herufi moja iliyobadilishwa hata mahali ambapo herufi hiyo huvunja protini nzima. Hutoa umbo la familia ya protini, si la mgonjwa.

Sehemu inayostahili muda wako ni NuRD, na kwa mji ambao SS inagusa nyumba nyingi hakuna kompleksi yenye sababu kubwa zaidi ya kusomwa. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini yenye minyororo ya gama. Baada ya kuzaliwa jeni za gama hunyamazishwa, na mnyamazishaji mkuu ni protini BCL11A. Yenyewe haikazi kromatini (DNA pamoja na histoni zake). Inakaa juu ya DNA mbele ya jeni ya gama na kuita NuRD ije ifanye kazi. Mtu mwenye SS ambaye gama yake haikunyamaza hupata ugonjwa mwepesi zaidi, ndiyo maana tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, hukata kiongezi (kipande cha DNA kinachoongeza usomaji) cha jeni ya BCL11A katika seli zinazozaa damu.

NuRD ina aina sita za sehemu, na hesabu ya nakala ndipo wengi wanapokosea. Kuweka nakala moja ya kila sehemu kunaingia ndani ya kikomo: CHD4 herufi 1,912, MTA1 715, HDAC1 482, RBBP4 425, MBD3 291, GATAD2A 633, jumla 4,458. Server itapokea bila kulalamika, itatoa picha, na picha hiyo itakuwa ya kitu ambacho hakipo kwenye seli. Kompleksi halisi ina MTA mbili, HDAC mbili, RBBP nne, kisha MBD moja, GATAD2 moja na CHD moja. Piga hesabu: kiini cha MTA, HDAC na RBBP ni 4,094. Ukiongeza MBD3 unafika 4,385. Ukiongeza GATAD2A unafika 5,018, umezidi kwa 18. CHD4 ikiingia ni 6,930. Kwa hiyo NuRD nzima haiingii, na hakuna ujanja wa kuiingiza. Ukikata mikia ya MTA1 ili upate nafasi, unakata sehemu zinazoshika RBBP4.

Njia ya busara ni kuigawa kwa viungo vyake, kazi moja kwa kila swali.

Kazi ya kwanza: HDAC1 na kipande cha MTA1 kiitwacho ELM2-SANT, takriban herufi 160 hadi 335. Weka nakala mbili za kila kimoja na ayoni mbili za zinki, kwa sababu zinki ndiyo inayofanya kazi kwenye tundu la HDAC1. Bila kuitaja tundu linabaki tupu. Hapa utaona jambo ambalo kiduara cha kitabuni hakiwezi kulionyesha: MTA1 haimgusi HDAC1 kwa ncha tu, inamzunguka, na MTA1 mbili zinashikana zenyewe kwa zenyewe, hivyo HDAC mbili zinabebwa kwa pamoja. Kuna upungufu mmoja mkubwa. Kati ya HDAC1 na MTA1 kuna mahali penye chaji chanya ambapo fosfeti ya inositoli hukaa kama gundi na kuamsha kimeng'enya. Orodha ya ligandi za server ni fupi: ATP, ADP, AMP, GTP, GDP, NADP, FAD, hemu, klorofili, asidi chache za mafuta na nyinginezo za jamii hiyo. Fosfeti ya inositoli haimo. Mahali pake patabaki pengo, na usiandike kwenye memwari kwamba ni tundu la dawa.

Kazi ya pili ni RBBP4 (Q09028) na mwanzo wa BCL11A (Q9H165). Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa TP (somo la vitendo) ya nusu siku, maana ni ndogo, ina jibu linalojulikana kwa fuwele (kristali) ya protini, na inabeba mantiki yote ya udhibiti: hapa ndipo mwitaji anamshika mwitwa. Usitume BCL11A nzima yenye herufi 835. Sehemu yake kubwa haina umbo la kudumu. Server itakutolea tambi ndefu zilizozunguka RBBP4 na alama za jumla zitaporomoka hata kama mguso wa kweli umepatikana. Tuma herufi 30 za kwanza:

MSRRKQGKPQHLSKREFSPEPLEAILTDDE

Kwa nini 30 na si 16 zinazogusa hasa? Kwa sababu alama za pTM, zinazopima uhakika wa umbo la jumla, zimeundwa kwa minyororo mirefu. Chini ya tokeni 20 zinaanguka karibu na sifuri hata umbo likiwa sahihi, na mwanafunzi hutupa jibu zuri. Angalia arginini ya 3 na ya 4 na lisini ya 5: zinatakiwa zielekee kwenye shimo lenye asidi katika RBBP4, ambayo ina umbo la duara lenye mabawa saba. Kisha tuma kazi ya tatu iliyo sawa kabisa, ila RRK (arginini mbili na lisini) iwe AAA (alanini tatu, zisizo na chaji). Hiki ni kipimo cha kulinganishia, na kazi isiyokuwa nacho haifai kusahihishwa. Ikiwa server inaweka mkia wa AAA palepale kwa uhakika uleule, basi uhakika wa mkia wa kweli hauthibitishi kitu kuhusu chaji. Ikiwa uhakika unashuka, una sababu ya kuendelea.

Upande wa DNA nao unafaa kujaribiwa. Vidole vitatu vya zinki vya mwisho vya BCL11A, takriban herufi 730 hadi 835, vinashika maneno TGACCA mbele ya jeni ya gama, karibu na nafasi ya −115 (herufi 115 kabla ya mahali jeni inapoanza kusomwa). Andika CTTGACCAATAG, na katika menyu ya mnyororo huo kuna njia ya kuunda uzi wa pili unaolingana, CTATTGGTCAAG. Ukisahau uzi wa pili utapata DNA ya uzi mmoja iliyojikunja vibaya. Ongeza zinki tatu. Watu wenye badiliko la −117, ambapo TGACCA inakuwa TAACCA, huendelea kutengeneza himoglobini ya utotoni wakiwa watu wazima kwa sababu BCL11A haishiki vizuri hapo. Ukijaribu TAACCA, usitarajie server ikatae. Inapenda kuweka vidole vya zinki juu ya DNA yoyote iliyo karibu, na hapo unaona mpaka wake kwa macho: kushika na kushika kwa nguvu ni vitu viwili, na yenyewe inajua kimoja.

CDK2, kimeng'enya kinachosukuma mzunguko wa seli, tunaipitia kwa kifupi, ingawa kwa somo la mzunguko wa seli ni nzuri sana. CDK2 (P24941, herufi 298) peke yake imelala. Saiklini A (P20248, herufi 432) ikiikumbatia, helisi moja inasukumwa ndani na kitanzi kinachoziba mlango kinasogea. Fosfeti kwenye threonini ya 160 inamaliza kuiamsha. Kisha p27 (P46527, herufi 198) huja kuizima. Tuma tatu: CDK2 na saiklini na ATP na magnesi, ile ile pamoja na fosfothreonini 160, ambayo server inairuhusu, halafu CDK2, saiklini na p27 bila ATP. Katika picha ya tatu tafuta tairosini ya 88 ya p27. Katika fuwele ya 1996, yenye namba 1JSU, tairosini hiyo imeketi mahali pa ATP, kama mtu aliyekalia kiti ili mwenyewe asikae. Ndani ya seli fosfeti ikiwekwa juu ya tairosini hiyo, kipande hicho cha p27 kinatoka kwenye kiti na CDK2 inapata nafasi ya kufanya kazi tena. Server inakuruhusu kuweka fosfeti hiyo, lakini kipande kikibaki palepale kwenye modeli usishangae, na usiandike kwamba fosfeti haina athari.

Onyo la haki kuhusu CDK2: modeli ilifundishwa kwa maumbo yaliyochapishwa hadi 30 Septemba 2021. Maumbo ya CDK2 na saiklini yapo tangu 1995. Ikipata jibu sahihi hapo, imekumbuka kama ilivyokumbuka himoglobini. Prof anayetaka kupima uwezo wake wa kubashiri achague kompleksi ambayo jamaa zake wa karibu hazikuwa na umbo kabla ya tarehe hiyo.

Kuhusu alama, kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kusoma rangi ya buluu na kuacha namba. Rangi ni pLDDT: buluu iliyokolea juu ya 90, buluu nyepesi 70 hadi 90, njano 50 hadi 70, rangi ya chungwa chini ya 50. Inakuambia kama kila kipande kimejikunja vizuri chenyewe. Protini mbili zinaweza kuwa buluu tupu na zikawa zimegandishwa pamoja upande usio wao. Kwa mguso soma ipTM: juu ya 0.8 unaweza kuiamini, chini ya 0.6 huenda imeshindwa, katikati ni mahali pa kurudia kwa mbegu nyingine. Na kama una minyororo mitano usisome ipTM moja ya jumla; fungua faili la muhtasari la JSON utafute chain_pair_iptm, jedwali linalotoa alama ya kila jozi. Kompleksi yenye jumla ya 0.55 inaweza kuwa na jozi moja imara kabisa na mnyororo mmoja unaoharibu jina la wengine. PAE, ule mraba wa kijani, unasoma hivi: kona zisizo za mnyororo wenyewe zikiwa nyeusi-kijani, server ina uhakika na nafasi ya mmoja kwa mwenzake, zikiwa nyeupe, inabahatisha, hata picha iwe nzuri kiasi gani.

Usichanganyikiwe na ranking_score. Inapangwa kwa kuchukua 0.8 ya ipTM, 0.2 ya pTM, kuongeza nusu ya sehemu isiyo na umbo, na kukata 100 kama minyororo imepishana. Ndiyo maana wakati mwingine unaiona imepita 1, na ukiona namba hasi kubwa ujue atomu zimeingiliana, jambo linalotokea zaidi kwenye makundi makubwa ya nakala zinazofanana. Rudia kwa mbegu nyingine. Ikirudi tena, pengine umekosea idadi ya nakala.

Makosa mengine ya modeli yenyewe. Sehemu zisizo na umbo wakati mwingine huzifanya helisi nzuri ambazo hazipo. Katika BCL11A kuna mstari mrefu wa asidi ya glutamiki, na ukiona helisi ndefu hapo yenye rangi ya chungwa usiichore. Hutoa umbo moja tu pale ambapo protini ina mawili: waundaji wenyewe wametoa mfano wa sereblioni, sehemu ya ligasi ya ubikwitini, ambayo bila ligandi hukaa wazi na ikipata ligandi hujifunga, lakini AlphaFold 3 huichora imefungwa katika hali zote mbili. Kwa mtu anayesoma udhibiti hilo ni pengo zito, kwa sababu swichi ni kitu chenye hali mbili.

Mega, yaani intaneti unayoinunua. Kuangalia matokeo kwenye ukurasa ni nafuu. Kupakua ndiko kunakokula. Furushi la ZIP lina modeli tano za CIF (faili za umbo), muhtasari tano, na faili tano kamili zenye mraba wa PAE, na mraba huo unakua kwa kipeo cha pili: himoglobini yako ya tokeni 746 ina visanduku vipatavyo laki tano na nusu kwa kila modeli, kiini cha NuRD cha 4,094 kina zaidi ya milioni 16. Pakua kazi ndogo ndogo, na kubwa uiache hadi upate mtandao wa chuo. Simu inatosha kutuma, lakini kuzungusha kompleksi ya minyororo minane kwenye simu ya bei nafuu ni kuigandisha.

Kwa kuangalia nje ya mtandao, programu ya ChimeraX ni bure kwa masomo. Fungua CIF, andika color bfactor palette alphafold kupata rangi zile zile, kisha open 1jsu na matchmaker kuilinganisha na fuwele ya kweli. Amri ya open inayoleta 1JSU inahitaji intaneti, hivyo ihifadhi mapema. Kompyuta nyingi hapa zimewekwa kwa Kifaransa. Ukiingiza alama kwenye Excel, 0.82 yenye nukta itasomwa kama maandishi, au namba nyingine itageuzwa tarehe, na wastani wako utaharibika. Badilisha nukta kuwa mkato kwa faili zima kabla ya kuingiza.

Masharti yasomwe kabla ya kutuma kazi ya kwanza. Matumizi si ya biashara. Hairuhusiwi kufundishia modeli nyingine inayofanana na hii. Matokeo hayakusudiwi kwa uamuzi wa tiba: mama mwenye mtoto wa SS anayeuliza kuhusu badiliko fulani aelekezwe kwa kipimo cha elektroforesi na daktari, asionyeshwe picha hizi. Nambari za programu ya AlphaFold 3 zilitolewa Novemba 2024 kwa watafiti wasio wa biashara, lakini kuiendesha mwenyewe kunahitaji kadi ya michoro ya daraja ambalo halikai kwenye ofisi ya asistenti. Anayehitaji ligandi isiyo kwenye orodha, kama ile fosfeti ya inositoli, ajaribu Boltz, programu nyingine ya aina hii ambayo leseni yake ni huru; anayetaka protini kwa protini tu na amemaliza kazi zake za siku atumie ColabFold, inayoendesha AlphaFold ya awali mtandaoni, akijua kwamba kikao chake hufungwa intaneti ikikatika kwa muda, tofauti na server.

Katika memwari andika kitambulisho cha UniProt cha kila mnyororo, mipaka ya herufi ulizokata, idadi ya nakala, ayoni na ligandi, namba ya mbegu, tarehe ya kutuma, na ipTM ya kila jozi kwa modeli zote tano, si ile iliyo nzuri peke yake. Faili la ombi la JSON lililomo ndani ya ZIP lina karibu yote hayo. Liambatishe kama lilivyo, ili msahihishaji alipakie mwenyewe na kuona kama anapata kompleksi ile ile.